Mdomo wa Roketi

Maiti ya Momanyi ilikuwa imelala chali kwenye kiwanja cha mpira, mkono wa kulia ungali umeshika swichi.

Inspekta Kipsang alipiga goti. Kipande cha chuma, kifupi kama kidole gumba, kilikuwa kimezama shingoni. Mvua ya alasiri ilikuwa imeiteremsha damu hadi kwenye mstari wa goli. Hatua arobaini kutoka hapo, pale roketi iliposimamishwa, palibaki shimo na vyuma vilivyojikunja.

"Alikufa saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi, afande," alijibu konstebo Adoyo. "Watu mia tatu walikuwa wanatazama."

Kipsang aliijua roketi hiyo. Tangu Wamarekani watue mwezini miaka miwili nyuma, Momanyi, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na Ogeto, mwalimu wa sayansi, walikuwa wakiijenga kila mwisho wa juma katika ghala moja nje ya Kapsoit. Ilikuwa mfano wa ile ya mwezini, kimo chake watu wawili wazima. Ndani bomba la chuma, nje mbao za masanduku ya chai, na juu yake zile karatasi za kung'aa zinazowekwa ndani ya masanduku hayo. Kipsang mwenyewe aliwahi kumpeleka bintiye kuitazama.

Jumamosi hiyo ingeruka mbele ya mhandisi Mjerumani. Alikuwa ameahidi: ikiruka, Momanyi anakwenda Ujerumani kusoma miaka sita.

Askari waliokota vipande hadi giza likaingia. Asubuhi Kipsang alivipanga juu ya meza kituoni. Mdomo wa chini, ambamo moto ulipaswa kutokea, ulikuwa umepasuka mara tatu. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu kilichogandamana na chuma. Alikikwaruza kwa kisu.

"Udongo," alisema. "Umeiva kama chungu."

"Labda uliruka kutoka chini, afande."

"Umeshindiliwa kwa vidole, Adoyo. Tazama alama. Na una pumba za wimbi ndani yake."

Hapo neno ajali likafutwa kwenye jalada, likaandikwa mauaji.

Mwalimu Ogeto aliletwa kabla ya saa sita. Hakuwa amelala.

"Mligombana Ijumaa," Kipsang alianza.

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Barua ya mhandisi. Ilikuwa na jina la Momanyi peke yake. Na hesabu zote nilipiga mimi."

"Ukakasirika."

"Nililia, afande."

"Mara ya mwisho kuuona huo mdomo ni lini?"

"Jumamosi asubuhi. Roketi ilikuwa imeshasimama kiwanjani, waya za kuwashia ziko ndani. Tukaufunga nailoni mvua isiingie, moto wenyewe ungeichoma, tukaenda Kericho kumchukua mgeni."

"Mkamwachia nani?"

"Hakuna mtu. Mama yake Momanyi tu ndiye alibaki anailinda."

Kipsang aliandika: hakuna mtu. Kisha akaamuru mwalimu afungiwe.

Habari ilienea mashambani kama moto wa nyika. Usiku huo nyumba ya Ogeto ilipigwa mawe. Mkewe, Rebeccah, alikimbilia Sigowet na watoto. Wachumaji chai walisimama nje ya kituo wakitaka wakabidhiwe mwalimu wamwadhibu wenyewe. Kosa la mwalimu lilikuwa la kunyongwa, na kila mmoja alilijua.

Jumanne Kipsang alikwenda kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kutoa pole. Jerusa, mama yake Momanyi, alikuwa mchumaji chai mwenye miaka karibu hamsini, mjane tangu ujana. Aliketi kwenye kigoda kati ya akina mama wa kanisa, macho makavu.

Inspekta alikunywa uji aliopewa. Macho yake yalitua mekoni. Mafiga yalikuwa yamekandikwa upya kwa udongo wa kijivu, na ndani ya udongo zilionekana pumba za wimbi.

Alijikuta anatamani asingaliingia nyumba ile.

"Akina mama, tupisheni kidogo," alisema.

Walipotoka, alimwita Adoyo, akatoa mfukoni kile kipande cha udongo wa roketi na kukiweka kando ya mafiga. Rangi moja. Pumba zile zile.

"Mama Jerusa, si lazima useme chochote. Ukisema, konstebo ataandika."

Alikitazama kipande bila kushtuka. "Hiyo ni udongo yangu."

"Uliitia wewe?"

"Ni mimi. Walienda Kericho, mimi nikafungua nailoni, nikatia, nikafunga tena."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilitaka ikatae tu. Si yule mzungu alisema ikikataa hakuna safari?" Alivuta shuka begani. "Baba yake alipanda treni pale Fort Ternan kwenda vita. Momanyi alikuwa tumboni. Akaniambia, miezi sita narudi. Mpaka leo. Sasa na huyu miaka sita? Mimi napika kila siku, afande, moto najua. Moto ukikosa hewa unazima. Nilisema itatoa moshi kidogo, watu watacheka, yeye atakasirika siku mbili, halafu atarudi kula kwangu."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa, "Mwalimu alikosea wapi? Aliweka nini ndani mpaka ikapasuka?"

Kalamu ya Adoyo ilisimama.

Ndipo Kipsang alipoelewa. Kwa siku tatu mama huyu alikuwa amemlilia mwanawe bila kujua kilichomuua. Inspekta angeweza kuinuka, aage, afunge mlango. Lakini kule seli kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri kitanzi.

"Mwalimu hakukosea, Mama. Moto ule hauhitaji hewa ya nje kama wa jikoni. Ulipokosa pa kutokea, ulipasua bomba."

"Kwa sababu ya..."

"Ndiyo."

"Ya udongo?"

"Ndiyo, Mama."

Hakupiga ukemi. Aliteremka kutoka kigodani, akaanza kuubandua udongo wa mafiga kwa kucha, kipande baada ya kipande, akisema kwa Kikisii, "Omwana one, omwana one." Mwanangu, mwanangu. Majivu ya moto yalimwangukia mikononi, naye akaendelea. Adoyo alimshika viganja, mwenyewe akitokwa na machozi.

"Ninyongeni," Jerusa alisema.

"Hutanyongwa. Hukukusudia kuua. Jaji atalipima hilo. Huenda ni miaka michache. Huenda hata ukaachiliwa."

Alimtazama inspekta kama aliyetukanwa.

"Niachiliwe niende wapi?"

Kipsang alimsomea maneno yake polepole, yote, na alipofika mwisho Adoyo alifungua kibweta cha wino. Kidole gumba cha Jerusa kilikuwa kimechubuka kwa kukwaruza. Kiliacha kwenye karatasi wino na damu, na mama akakikandamiza tena, kwa nguvu, ili alama isije ikakataliwa.