Vyama Vinne vya Kufa na Kuzikana

Kila asubuhi Hilda aliketi barazani na ungo wa uwele mapajani. Alichambua mawe kwa vidole, si kwa macho. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunga kabisa. La kushoto liliona kama mtu anayetazama kupitia moshi wa kuni. Jiwe likimponyoka lilisagwa pamoja na unga, na mumewe Petro aliling'ata wakati wa kula, asiseme neno.

Wazee hao waliishi Chang'ombe, mjini Dodoma. Petro alikuwa mlinzi wa ghala la shirika la umma. Shirika lilipouzwa, wazee ndio walioambiwa kwanza wakapumzike. Baada ya hapo walilima karanga nje ya mji. Hilda alizikaanga na kuziuza mlangoni pake. Walikula ugali wa uwele na mlenda, na siku njema walikula samaki wakavu waliotumwa na binti yao Evarista, aliyefanya biashara ya samaki Mtera.

Miaka hiyo mambo mengi yaliyokuwa ya bure yalianza kulipiwa. Ukienda hospitali, ulipita kwanza dirisha la malipo ndipo umwone daktari. Daktari alikwisha kumwambia Hilda kwamba ule ulikuwa mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji wake ni mdogo. Asiogope. Atafute mchango wa matibabu, arudi.

Evarista alitafuta. Aliuza samaki, akajinyima, akampa dereva wa lori la samaki bahasha ampelekee baba yake. Alisema yeye mwenyewe angekuja baada ya wiki chache, ampeleke mama hospitali.

Sasa, Petro alikuwa na hofu moja. Alipokuwa kazini aliwahi kuona mlinzi mwenzake akilala chumba cha maiti siku nyingi kwa kukosa wa kumchukua. Hofu hiyo haikumtoka. Kwa hiyo kila aliposikia kuna chama cha kufa na kuzikana, alijiunga na kumwandikisha mkewe pia. Alikuwa katika chama cha mtaa. Alikuwa katika chama cha watu wa Bahi waishio mjini, kwa kuwa yeye kwao ni Bahi. Alikuwa katika chama cha wafanyakazi wenzake wa zamani. Cha nne kiliitwa Faraja ya Wazee. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Charles, mtu wa suti, mwenye ofisi karibu na stendi ya mabasi. Kila mwezi vyama vyote vinne vilidai ada. Pesa ya karanga iliishia huko.

Siku chache baada ya bahasha kufika, Bwana Charles alibisha hodi. Alimwamkia Petro shikamoo kwa heshima zote. Kisha akamweleza kwamba uanachama wake unakaribia kufutwa. Alikuwa nyuma kwa miezi kadhaa, na isitoshe mwaka huo kila mwanachama alitakiwa kulipa ada ya kuhuisha. Asipolipa, yote aliyolipa nyuma yatakuwa yamepotea.

"Mzee wangu, mimi nakuonea huruma," alisema. "Ukiondoka duniani kesho, nitawaambia nini watoto wako?"

Petro aliingia chumbani, akatoka na bahasha.

Evarista alipofika kutoka Mtera, alimwomba baba yake zile pesa waende hospitali. Petro alitazama chini. Alianza kueleza habari za Faraja, akachanganyikiwa. Evarista alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Hilda hakulia. Aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Halafu alisema polepole:

"Baba Evarista, umelipia kaburi langu kwa pesa ya jicho langu. Mimi bado niko hai. Nani alikwambia nina haraka ya kufa?"

Evarista alirudi Mtera na uchungu wake, na kwa muda mrefu ndani ya nyumba ile maneno yalikuwa machache.

Wakati huo huo jirani yao, Mzee Sila, alifariki. Sila naye alikuwa mwanachama wa Faraja. Petro ndiye aliyemshawishi ajiunge. Alimwambia mkewe kwamba sasa ataona mwenyewe chama kinavyofanya kazi.

Walikwenda msibani mapema. Hilda alimsalimia mjane, Ruthu, kwa Kigogo, mbukwa, akamshika mkono, akakaa naye mkekani. Chama cha mtaa kilikuwa kimekwisha kufika. Vijana wake walileta maji kwa mapipa, unga, maharage na turubai. Mchana jeneza lao lilifika, na wachimbaji walikuwa makaburini.

Faraja walifika jioni. Bwana Charles alikuja na wenzake wawili waliovaa suti. Walibeba shada la maua ya plastiki. Alitoa hotuba ndefu kuhusu upendo, akaweka shada, akakabidhi bahasha nyembamba ya rambirambi. Ruthu alisubiri. Alipoona wanaaga, aliuliza kwa sauti ya chini kama fedha za jeneza na maziko kutoka Faraja bado ziko njiani, maana mumewe alilipa kwa miaka na alikatazwa hata kukosa mwezi mmoja.

Bwana Charles alikohoa. Alisema chama kinafuata katiba. Kwa mujibu wa katiba, mwanachama aliyejiunga akiwa amepita umri wa miaka sitini hapati gharama za maziko. Anapata rambirambi na shada.

Petro aliinua kichwa. Yeye alijiunga akiwa na zaidi ya sitini. Chama chenyewe kiliitwa cha wazee.

Hilda hakuwaona vizuri wale watu wa suti, lakini alijua sauti ilikotoka. Aligeukia huko.

"Baba, hiyo sheria Sila alisomewa lini?"

Bwana Charles alimjibu kwamba msibani si mahali pa mkutano.

"Mlangoni kwa mtu pia si mahali pa kudai ada," Hilda alisema. "Huko mbona hamkosi?"

Baadhi ya akina mama waliguna. Watu wa Faraja waliondoka bila kuonja chai.

Siku iliyofuata maziko, Petro alikaa barazani tangu asubuhi bila kwenda shambani. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Ndipo Bi Shamimu alipopita. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mjane, mfanyabiashara wa kanga na vitenge. Kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama cha mazishi cha akina mama wa msikiti wao, na watu wote walijua kwamba chama hicho hakijawahi kugombana. Hilda alimkaribisha, akamtilia karanga kwenye kisahani, akamsimulia yote.

Bi Shamimu alisikiliza. Alisema yeye hashangai. Tangu watu waanze kupunguzwa kazini, vyama vya namna hiyo vimekuwa vingi. Vingine ni vya kweli. Vingine vimegundua kwamba mzee anaogopa aibu ya msiba kuliko njaa, basi vinavuna hapo.

"Sisi hatuziki na jeneza, tunazika na sanda," alisema. "Lakini chama ni chama. Mtu akija kujiunga kwetu, kabla hajatoa hata senti tunamsomea katiba kwa sauti. Anajua tunatoa nini, tunamzika nani na nani katika nyumba yake, na kama umri wake unakubalika. Anajua akichelewa ada itakuwaje, na akitaka kutoka atatokaje. Asiyekubali kukusomea hayo, usimpe pesa yako."

Kisha alimgeukia Petro na kumwuliza vyama vyake vinatoa nini, kimoja kimoja. Cha mtaa kinatoa jeneza, chakula na wachimbaji. Cha wafanyakazi wa zamani? Petro alisema nacho kinatoa jeneza, kwa maneno, lakini mwenzao wa mwisho alipofariki hakuna aliyetokea. Wengi walikwisha kurudi makwao. Cha watu wa Bahi kinasafirisha maiti hadi Bahi.

"Na wewe unataka kuzikwa Bahi?" Bi Shamimu aliuliza.

Swali hilo Petro hakuwahi kuulizwa, wala hakuwahi kujiuliza. Alimtazama mkewe. Watoto wao wawili waliokufa wadogo walizikwa hapa mjini.

"Nataka kulala walipo wanangu," alisema.

"Basi unalipia gari ambalo hutalipanda. Na unalipia majeneza matatu ya mtu mmoja, ukihesabu na la Faraja lisilokuwepo. Chagua chama kimoja kinachokuja kweli, ukilipe vizuri. Hivyo vingine, jitoe."

Petro alisema anaogopa maneno ya watu. Watu wa Bahi wangemwona ameutupa ukoo. Hilda alimjibu kabla ya Bi Shamimu. Alisema ukoo si ada. Kwenye misiba ya watu wa Bahi watakwenda kwa miguu yao, watabeba maji, watalia pamoja nao. Lakini kulipa kila mwezi kwa kuogopa kusemwa, huku ndani hakuna chumvi, huo ni ujinga, na yeye amechoka kuupikia.

Bi Shamimu aliwashauri wasiache kimyakimya. Mtu akiacha tu, madai yanaendelea kuhesabiwa na siku moja yanamrudia. Alimsaidia Petro kuandika barua tatu fupi za kujitoa, na kila moja wakaitolea nakala. Watu wa Bahi walipokea yao bila ugomvi. Katibu wao alicheka, akasema wapo wazee wengine wenye shida hiyohiyo. Ya wafanyakazi wa zamani haikupata hata mtu wa kuipokea, ila yule aliyekuwa bado anakusanya ada.

Kwa Bwana Charles walikwenda wengi. Hilda alishikwa mkono na Ruthu. Bi Shamimu alikuwepo, na wazee kadhaa wa mtaa waliosikia habari za msiba wa Sila. Bwana Charles aliwaweka kwenye benchi muda mrefu. Walipoingia, Petro alitoa barua yake, kisha akaomba katiba isomwe. Bwana Charles alisema imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amesafiri.

"Tutamngoja," alisema Hilda.

Walikaa. Watu wengine waliokuja kulipa ada waliuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakakaa. Ofisi ilijaa. Bi Shamimu alimwambia Bwana Charles kwa upole kwamba kama katiba haipatikani, wao watapita ofisi ya maendeleo ya jamii, vyama vinakoandikishwa, kuuliza kama kuna nakala nyingine. Haukupita muda, ufunguo ulipatikana.

Bi Shamimu aliisoma kwa sauti. Kile kifungu cha umri kilikuwemo, ukurasa wa mwisho. Lakini mahali pa ada ya kuhuisha hapakuwa na kitu. Alirudia kurasa zote. Hakuna kifungu kilichoitaja. Bwana Charles alisema ilipitishwa na kamati. Mzee mmoja aliuliza kamati ni akina nani. Bwana Charles alitazama dirishani.

Siku hiyo Petro alirudishiwa ada ya kuhuisha. Wengine waliahidiwa zao, wakarudi na kurudi mpaka walipozipata. Ada za kila mwezi alizolipa Petro tangu ajiunge zilipotea. Ruthu hakurudishiwa chochote kwa ajili ya Sila. Njiani alisema kwamba afadhali wangemwibia usiku kama wezi wa kawaida, kuliko kumwibia mchana huku wakimpa pole.

Evarista alikuja akampeleka mama yake hospitali. Zile pesa hazikutosha sawasawa. Lakini kwa kuwa ada tatu zilikuwa zimekoma, pesa ya karanga iliziba pengo.

Upasuaji ulikuwa mdogo kama daktari alivyosema. Bandeji ilipotolewa, mtu wa kwanza ambaye Hilda alimwona vizuri alikuwa Petro, amesimama karibu na kitanda na kofia mkononi. Alimtazama kwa muda.

"Hilo shati ndilo umekuwa ukivaa mbele za watu?" aliuliza.

Petro alijitazama. Lilikuwa limechanika begani, tena siku nyingi. Alicheka, na Hilda akacheka naye.

Hilda alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, lakini macho yalikuwa yamemnyang'anya uwezo huo. Sasa aliweza tena. Chama cha mtaa kilipofanya mkutano wake, alisimama akaomba kila mwanachama mpya asomewe sheria zote kabla ya kulipa. Wakakubali, wakampa kazi hiyo yeye mwenyewe.

Mpaka leo anaifanya. Mtu akija na pesa mkononi, Hilda humwambia aiweke kwanza mfukoni. Humkalisha, hufungua sheria, huzisoma moja baada ya nyingine. Akifika kwenye umri hunyanyua sauti, kama mtu anayemgombeza mwingine asiyekuwepo pale. Wanachama wapya hudhani wamemkosea. Hawajamkosea. Anawafikiria Sila na Ruthu, na hasira yake haijaisha.