Mkono wa Eufelia Ukutani

Mimi nilikwenda kufagia tu. Anayesema nilikwenda kuchungulia, na aseme. Mdomo ni wake.

Ukumbi wa kijiji chetu, huku milimani New Mexico, ulikuwa unaandaliwa kwa maonyesho ya kazi zote za Mzee Epifanio Trujillo. Miaka sitini! Watakatifu wa mbao, mablanketi ya sufu, michoro, vinyago vya udongo, malaika wa bati. "Mikono miwili tu," watu walishangaa, "inawezaje yote haya?" Nami nilikuwa nacheka kidogo na kuinama kwenye vumbi langu.

Jumamosi asubuhi Ninfa, mpwa wake anayemtunza, alifungua sanduku la kwanza akamtoa Mtakatifu Isidori.

"Mjomba, huyu kidole kimekwenda wapi?"

Kidole cha pete, mkono wa kushoto.

"Panya," akasema Mzee.

"Panya gani huyo, Mjomba? Akishakula anapaka rangi?"

Kweli, hapakuwa na jeraha. Rangi ilikaa sawa, kama aliyechongwa hivyo tangu mwanzo. Mtakatifu wa pili, vidole vinne. Bibi harusi wa kwenye mchoro, vinne. Mchungaji wa udongo, vinne. Hata malaika wa bati. Mzee akakaa juu ya sanduku, uso umemwiva kama pilipili ya kuanikwa.

Aliyekuwa na vidole vinne mkono wa kushoto ni mmoja tu: marehemu Eufelia, dada yake Mzee, mama yake Ninfa. Kijijini tulimjua kwa kukandika kuta. Kwetu nyumba za udongo hukandikwa na wanawake, kwa viganja vitupu, na kila mmoja huacha mkono wake ukutani kama saini. Mzee alituambia kidole kile kilibanwa na mlango wa zizi. Alituambia pia kwamba akili za dadake hazikutimia. Ninfa akakua akimwonea haya mama yake; alikuwa akivuka barabara asiguswe na mikono ile yenye tope.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, tukasikia: pwa!

Kofi la udongo ukutani.

"Nani anakandika?" Ninfa alinong'ona.

"Hakuna mtu, mwanangu," nikamwambia. "Nimefunga mlango mwenyewe."

Pwa! Ikaja harufu ya tope bichi na majani makavu, na ukuta uliokauka tangu masika ukaanza kulowa mbele ya macho yetu, kiganja kimoja, kisha kingine juu yake, kikipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi, vidole vinne, vidole vinne, vidole vinne, kikizunguka chumba kizima na kurudi hadi nyuma ya kichwa cha Mzee, ambaye hakugeuka, kwa sababu aliujua mkono ule kuliko sisi sote.

Tukamwita Doña Sostena, mganga wa kijiji. Alimpitishia Mzee yai mwilini, akalivunja kwenye glasi ya maji, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mtoe, Doña," Mzee alimsihi. "Mfukuze."

"Huyu hafukuzwi, Epifanio. Huyu anatajwa. Kesho, mbele ya watu."

"Wataniona nini?"

"Watakuona ulivyo. Pole."

Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa. Mzee akasimama, kofia mkononi.

"Dada yangu alinisaidia kukoroga rangi."

Pwa! Watoto walilia.

"Na mablanketi. Alifuma yeye." Pwa! "Na watakatifu! Na udongo, na bati, na michoro. Kidole kilikatwa na patasi akinichongea mimi. Akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu."

Ninfa akaziba uso kwa viganja vyote viwili. "Mama," alisema. "Nilivuka barabara, Mama."

Ukuta ukaanza kukauka. Hapo Mzee angekaa chini ingekuwa heri. Lakini mezani kulikuwa na sanamu moja ndogo, ya mama yao mzazi akisonga unga, kazi iliyompa Mzee jina akiwa kijana. Akaikumbatia kifuani.

"Hii tu," alisema, machozi yanamtoka. "Hii niachieni. Hii ni yangu."

Pwa!

Safari hii haikulia ukutani. Tope lilikuwa shavuni mwake, vidole vinne, na sanamu ilikuwa mikononi mwa Ninfa, wala hajui aliipokeaje.

Tope lile halijatoka. Amelisugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa maji ya baraka. Siku hizi misani anakaa nyuma kabisa, shavu limeelekea ukuta, na watu wanamsema sana.

Mimi simsemi. Nyumba yangu inatazamana na ile yao, na kwa miaka thelathini nilimwona Eufelia dirishani akichonga. Mzee alijua kwamba ninaona. Krismasi moja aliniletea Mtakatifu Ana mzuri ajabu. Nikampokea, nikafunga mdomo, mimi nisiyewahi kuufunga kwa lolote.

Yuko pale juu ya kabati. Tangu Jumapili ile nimemfunika kitambaa, na sijathubutu kumhesabu vidole. Leo mchana, nikisonga unga, nimesikia harufu ya tope bichi.