Sange Waliofungiwa Msituni

Kila asubuhi Mama Seng'enge huzunguka msitu mdogo nyuma ya nyumba yake. Yeye ni mlinzi wa msitu. Jina la Seng'enge alipewa na majirani kwa sababu ya uzio wake wa waya.

Zamani msitu ulikuwa mmoja. Wenye shamba la chai wakaukata katikati. "Tunachukua kipande tu," walisema. Sisi wanakijiji hatujasahau. Vikabaki vipande viwili, chai katikati. Katika vipande hivyo wanaishi sange, wanyama wadogo wenye pua ndefu na mbio za ajabu. Wamebaki wachache mno. Meneja wa shamba alisema waziwazi: msitu umeachwa kwa ajili ya sange tu; wakiisha, ataufyeka. Na chemchemi yetu imo humo.

Mbwa walipoanza kuwaua sange, Mama Seng'enge alizungushia kipande chake wavu wa waya, akaufukia hadi chini ya ardhi. Mbwa wakakoma. Tukampigia makofi.

Asubuhi moja alirudi nyumbani mbio.

"Nimekuta mtoto mwingine wa sange amekufa," alimwambia mumewe, fundi baiskeli. "Miguu imepinda. Kama yule wa juzi."

"Labda nyoka."

"Nyoka gani anapinda miguu, baba? Kuna kitu kinawamaliza, na sikioni!"

Habari zikaenea. Watoto wakagoma kwenda chemchemini. Wengine wakasema ni mkosi.

Mama Seng'enge akamwita daktari wa wanyamapori. Daktari alichukua manyoya na kinyesi, akavipeleka kupimwa. Aliporudi hakuwa na tabasamu.

"Dada, umewafungia mbwa nje. Lakini umewafungia ndugu ndani."

"Ndugu gani?"

"Sange hawa wote sasa ni ukoo mmoja. Wanazaliana wenyewe kwa wenyewe."

Fundi akashtuka. "Yaani mjomba anamwoa mpwa wake?"

"Na kaka dada yake. Afanyeje? Hakuna mwingine."

"Lo! Na mahari anampa nani?"

"Nyamaza, baba watoto," alisema mkewe. "Daktari, endelea."

"Mtoto hurithi kwa baba na kwa mama. Kasoro ya mmoja mara nyingi hufunikwa na uzima wa mwenzake. Wazazi wakiwa ndugu, huenda wote wana kasoro ileile. Mtoto akiipata pande zote mbili, haifunikwi tena. Halafu kinga zao zinafanana. Ugonjwa ukimuua mmoja, unaweza kuwaua wote."

"Niwabebe wa ng'ambo ya chai niwalete huku?"

"Hapana! Usiwashike. Utahamisha na magonjwa. Hiyo ni kazi ya wataalamu, kwa kibali. Ninyi unganisheni msitu."

Mama Seng'enge akaenda kwa meneja pamoja na wanawake wote wanaochota maji.

"Tupe ukanda wa kupanda vichaka, kutoka kipande hiki hadi kile."

"Ning'oe chai kwa ajili ya panya?"

"Kwa ajili ya maji yetu. Mlikata ninyi!"

Wanawake wakaketi kwenye banda la kupimia chai, wakagoma kuondoka. Hakuna gunia lililopimwa. Siku ya pili meneja akakubali, amenuna.

Wakapanda vichaka. Wakaufungua uzio upande wa chai, wakauvuta kando ya ukanda, kulia na kushoto, hadi kukizunguka na kipande cha pili, mbwa wasiingie. Wataalamu nao wakaleta sange wachache kutoka msitu mwingine.

Vichaka viliposhonana, Mama Seng'enge alisikia majani yakichakarika. Aliogopa kuinama, asije akakuta mzoga mwingine.

Sange mchanga akachomoza pua. Miguu ilikuwa imenyooka. Akachomoka mbio kuelekea ng'ambo.

"Nenda, mwanangu," alinong'ona. "Kaoe mbali."