Vali Iliyotolewa kwa Adabu

Asubuhi hiyo mwalimu mstaafu alifungua stoo yake, akapiga ukelele uliomleta dada yake mbio. Dada huyo alikuwa mpelelezi kabla ya kustaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Sajenti.

"Nimeibiwa, dada! Vali yangu!"

Kwa kidole kilichofungwa bendeji alionyesha mtambo wa kurushia mawimbi ya redio, alioujenga mwenyewe na kuukatia leseni. Alikuwa ameuongezea umeme, na jioni rafiki yake wa ng'ambo angekaa kusubiri sauti yake. Lakini kupitia matundu ya mfuniko wa bati, pale ilipokaa vali, ile taa ya kioo inayoyapa mawimbi nguvu, palikuwa patupu.

Sajenti alikagua. Kufuli zima. Skrubu za mfuniko zimekazwa zote. Bisibisi yenye mpini wa mbao ilikuwa na doa jipya la cheche.

"Hii ya nini?"

"Ya kumwaga umeme unaobaki ndani hata ukishazima. Asiyejua akitia mkono, amekwisha."

"Na doa hili?"

"Si langu. Jana sikufungua."

Sajenti akaenda kwa jirani, fundi cherehani.

"Juzi uliapa kuumaliza mtambo wa ndugu yangu."

"Niliapa, ndiyo! Akiongea tu, runinga yangu inajaa chenga!"

"Ungeumaliza vipi?"

"Kwa nyundo! Kwani kuna njia nyingine?"

Sajenti alijizuia kucheka, akaaga. Mtu wa nyundo hakazi skrubu.

Aliporudi, alimkuta wifi yake sebuleni akikunja nguo. Akamwita na mwalimu.

"Wifi, nani mwingine hapa nyumbani anajua kazi ya ile bisibisi?"

Mikono ya wifi ikasimama. Kisha akatoa sweta chini ya rundo la nguo, akalikunjua. Vali ilikuwa ndani, nzima.

"Wewe?" mwalimu alishangaa. "Mke wangu?"

"Wiki iliyopita nilikukuta sakafuni kando ya mtambo, macho yamegeuka. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Ulipozinduka nikakuuliza kidole kina nini, ukaniambia umeungua na chai. Chai! Kesho yake nakusikia unapiga mluzi, unaongeza umeme."

"Si ungeniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema tutaona."

Mwalimu akatazama bendeji yake.

"Ulipotia mkono mle ndani," mwalimu alisema taratibu, "hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nikafanya kama ulivyokuwa ukinionyesha."

Mwalimu akakaa kando ya mkewe.

"Rafiki yangu atasubiri. Nitarudisha umeme ulivyokuwa, niweke na swichi ya kuukata mara mfuniko ukifunguliwa. Utaikagua wewe."

Mke akaizungushia vali sweta tena, akaipakata.

"Ukimaliza," alisema, "njoo uiombe."