Pumzi ya Marjun

Kila asubuhi Marjun aliamka na kinywa kikavu. Alilala kinywa wazi, na mchana pia alipumua kwa kinywa. Akipanda mlima kuwatazama kondoo, alisimama mara kwa mara, mkono kiunoni, akihema.

"Leo kondoo wamekucheka," alisema mumewe, Eyðun.

"Wamelicheka tumbo lako," alijibu Marjun.

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Siku ya kucheza ngoma ya kijiji ilikuwa inakaribia. Hapa kwetu katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, tunacheza bila ala yoyote. Tunashikana mikono kwa duara, tunapiga miguu sakafuni, na mtu mmoja anaongoza utenzi mrefu. Kijijini petu kiongozi alikuwa babake Marjun, naye alikuwa ameshafariki. Utenzi wake aliujua Marjun peke yake. Asingeuimba yeye, ungepotea.

Siku ya mazoezi, Marjun alivuta pumzi kwa pupa, mabega yakapanda karibu na masikio. Akaimba kwa nguvu zake zote. Hata nusu hakufika. Kizunguzungu kilimshika, akaketi.

"Basi tuimbe mwingine, mfupi," mtu mmoja alisema.

Marjun alitoka nje akilia. Jirani yake, Sunnvá, alimfuata. Sunnvá hufundisha mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya.

"Kwanza mwone daktari, dada. Kuishiwa pumzi si jambo la kupuuza."

Daktari alimpima. Moyo na mapafu vilikuwa vizima. Ndipo Sunnvá akaja jikoni kwa Marjun.

"Weka mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Pumua. Upi umeinuka?"

"Wa kifuani."

"Hapo ndipo penye kosa! Unapumua juu juu. Sasa funga kinywa. Vuta hewa kwa pua, polepole, tumbo litoke. Mabega yatulie. Kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta."

"Lakini mimi nahitaji hewa nyingi!"

"Ya nini yote hiyo? Ukivuta kwa pupa, utaitoa kwa pupa. Tena pua huchuja vumbi na kuipasha hewa joto. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumzike."

"Na mimi nifunge kinywa?" aliuliza Eyðun, aliyekuwa mlangoni akiwasikiliza.

"Wewe hasa!" walisema wanawake wote wawili.

Haba na haba hujaza kibaba. Marjun alifanya mazoezi akimenya viazi, akisubiri maji yachemke, akipanda mlima. Mwanzoni alichoka na kukasirika. Alijisahau, akakumbuka, akaanza tena. Baada ya majuma kadhaa alianza kuamka bila kiu. Kisha siku moja alifika kwa kondoo bila kusimama njiani. Alifurahi mno, akawaimbia kondoo beti kadhaa.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi ulijaa. Marjun alivuta pumzi kwa pua, mabega yakiwa yametulia, akaanza. Miguu ikapiga sakafu. Baada ya kila ubeti alipumua kwa utulivu, kutoka tumboni, akaendelea. Vijana walianza kulowa jasho. Eyðun alikuwa hoi. Sauti ya Marjun haikutetereka hadi ubeti wa mwisho.

Watu walipiga kelele za shangwe. Wazee walilia waziwazi.

"Umetuua, mke wangu!" alisema Eyðun, akitaka kwenda kuketi.

Marjun hakumwachia mkono.

"Simameni hapo hapo," alisema huku akicheka. "Baba alikuwa na utenzi mwingine."