Kikombe Juu ya Boneti

Wapo waliopendana bustanini, chini ya waridi. Siwaonei wivu, waridi lina miiba na lina wadudu. Ghadir na Nart walikutana Bayader, mtaa wa magereji, Jumamosi asubuhi, kati ya lori la matairi na toroli la lozi mbichi.

Ghadir alikuwa anatafuta pa kuegesha. Gari lake lilikuwa la Kiitaliano, la viti viwili, paa la turubai, jekundu kama komamanga lililopasuka, na kwa umri lilimzidi mwenyewe. Alikata usukani kushoto. Gari likafikiri kwanza. Lilipomaliza kufikiri likageuka ghafla, likaligonga toroli, lozi zikamwagika barabarani.

"We mama we!" mwuza lozi akapiga kelele. "Macho umeyaacha nyumbani?"

"Macho ninayo, baba. Usukani ndio sina."

Akashuka, akainama kuokota pamoja naye. Koti lake la rangi ya haradali liliburuzika vumbini, na miwani ya jua ilimpanda mpaka kwenye nyusi. Mwuza lozi alipoona koti zuri namna ile linafagia barabara kwa ajili yake, hasira zikamwisha, akampa lozi chache na chumvi ya kuchovyea.

Nart alikuwa ameegemea mlango wa gereji yake, bilauri ya chai ya mnanaa mkononi. Mcherkesi, mjukuu wa wahamiaji wa kutoka milima ya kaskazini, mzaliwa wa Wadi Seer hapo jirani, mrefu, nyusi zimekutana katikati kama majirani wawili wanaosengenya, ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikapauka.

"Dada," akasema, "hilo gari unaliendesha au unachekecha unga?"

"Nini?"

"Mikono yako. Kulia kushoto, kulia kushoto, na barabara imenyooka. Nimekuona tangu kona ya msikiti."

"Kumbe kazi yako ni kutazama mikono ya wanawake."

"Kazi yangu magari. Mikono ni ziada."

Mwanamke akishacheka, ameshaingia gerejini. Nart akamkalisha kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, magurudumu yamekanyaga chini. Yeye akatandika kipande cha kadibodi, akajisukuma uvunguni mpaka zikabaki buti tu.

"Haya, chezesha usukani. Kidogo! Hufukuzi mbuzi. Taratibu, kama unabembeleza mtoto."

Ghadir akauchezesha. Vidole vitatu kwenda, vidole vitatu kurudi, na magurudumu hayana habari. Huko chini Nart alikuwa akiweka kiganja kwenye kiungo kimoja, halafu kingine. Ugonjwa wa usukani hauonekani kwa macho, unashikwa.

"Tairodi hii nzima. Na hii nzima. Ehee, hapa panagonga. Tena. Tena, roho yangu."

Usukani ukasimama.

"Umemwita nani roho yako?"

"Gari."

"Gari lina jina. Linaitwa Wijdan. Jina la marehemu mama, gari lilikuwa lake."

"Mungu amrehemu. Alilipenda, linaonekana. Chuma cha chini hakina kutu hata chembe."

Akatoka, akamweleza. Upande wa abiria kuna mkono mfupi unaoshikilia vyuma vya usukani visiyumbe. Bushi yake, ile pete ya ndani ya kiungo, ilikuwa imeliwa, na ya dukani haikuwepo. Angemchongesha mkerezaji nyingine ya shaba, ikae mahali pake Alhamisi.

"Alhamisi isipite," Ghadir akasema. "Ijumaa wenye magari ya zamani wanateremka pamoja mpaka Bahari ya Chumvi. Mama hakukosa hata mwaka mmoja. Mwaka huu kiti chake nakikalia mimi."

"Utateremka. Lakini mpaka Alhamisi lilaze. Na mtu akikwambia dawa ni kukaza skrubu ya boksi ya usukani, mkimbie. Hiyo ndiyo dawa ya wavivu."

Wakapeana namba za simu, kwa ajili ya bushi. Watu hupeana namba kwa ajili ya bushi, halafu bushi haitajwi.

"Halo, fundi. Imeiva hiyo bushi?" Ghadir alipiga Jumapili.

"Iko jikoni. Wewe umekula?"

"Maqluba. Na wewe?"

"Falafeli, na majonzi."

"Majonzi ya nini tena?"

"Simu yako ya jana ilikuwa fupi."

"Ewe! Nilikuwa juu ya ngazi natundika mapazia ya watu. Ulitaka nidondoke?"

"Udondokee wapi, laazizi?"

"Kwaheri, fundi." Lakini hakukata mpaka ukapita muda.

Sasa, huyu Ghadir alikuwa mshonaji wa mapazia, na mapazia hayajipeleki kwa wenyewe. Jumanne Nart akalisikia gari. Injini ya Kiitaliano ina sauti yake, husikika hata ukiwa na kichwa ndani ya injini nyingine. Akakimbilia mlangoni, akaliona linapinda kona, mapazia yamejaa kiti cha abiria, na mikono ileile inachekecha. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Hofu ikamwingia, maana aliijua bushi ile, aliishika kwa kiganja chake. Akavua ovaroli, akavaa shati lililopigwa pasi, akapanda kilima cha Jabal Luweibdeh, kwa baba yake Ghadir.

Mzee Fawwaz, mstaafu wa reli, alikuwa mgane akiishi na binti yake na dada yake, Shangazi Nuzha. Nyumba ile ilikuwa imeshatembelewa na wachumba watatu, wote na sharti moja: Ghadir auze gari, gari la wazi si heshima kwa mke wa mtu. Na kwetu mwanamume akiiweka kahawa chini bila kuionja, amekuja kuposa. Baba akimwambia kunywa, amepewa. Kahawa za wale watatu zilipoa mezani, Shangazi Nuzha akaimwagia mimea yake ya balkoni, ikastawi ajabu.

Nart akavua viatu, akakaa, akaletewa kikombe. Akakiweka chini, kwa sababu alihitaji mikono miwili kuonyesha usukani unavyoyumba.

"Mzee wangu," akaanza, "nimekuja kwa sababu ya Ghadir. Nikimfikiria yuko peke yake barabarani, roho hainitulii." Akainua mikono yote miwili.

Mzee akaitazama mikono iliyoinuliwa kama ya mwenye kuomba. Akakitazama kikombe.

"Na lile gari?" akauliza polepole.

"Gari? Asiliuze kamwe, mzee! Mimi mwenyewe nitalitunza. Ninachoomba ni..."

"Basi, basi." Macho ya mzee yalikuwa yamelowa. "Umekuja bila wazee wako. Soksi moja nyeusi, moja ya buluu. Lakini wewe ndiye wa kwanza kusema hivyo ndani ya nyumba hii. Kunywa kahawa yako, mwanangu."

Nart alilelewa kutii wazee. Akanywa. Ilipofika kooni ndipo akaelewa amekunywa nini.

Jikoni Shangazi Nuzha akaachia kigelegele kilichomwamsha hata jirani wa juu. Jirani wa juu akajibu, wa ng'ambo akajibu, hakuna aliyejua cha nini, lakini kigelegele hakiulizwi. Ghadir aliporudi kutoka kupeleka mapazia, mwoka mikate wa mtaani alimpongeza kabla hajashuka garini.

Jioni simu ikalia gerejini.

"Umeniposa?"

Nart akafumba macho. Akisema hapana, amemtukana binti pamoja na baba yake. Akisema ndiyo, amekiri kwamba alimruka bila kumuuliza.

"Nimekunywa kahawa," akasema.

"Hilo nalo jibu! Mimi nilikuwa sina mdomo wa kuulizwa? Au mimi nami gari, funguo anazo baba?"

"Ghadir, roho yangu..."

"Roho yako bushi. Kalale nayo."

Jumatano Ghadir akalipeleka gari kwa fundi mwingine, mpiga miluzi, ambaye hata hakuinama. Alifungua boneti, akakaza skrubu ya boksi, akala pesa yake. Usukani ukakazana kama mdomo wa mrithi mbele ya kadhi. Ghadir akafurahi. Akajiambia wanaume na bushi zao wakae hukohuko.

Alhamisi asubuhi akatoka kulijaribu. Barabara iliyonyooka ilikuwa raha tupu, mikono haichekechi. Alipoingia kwenye mzunguko wa Duara la Nane akakata usukani, nao ukakata. Akautaka urudi, ukakataa. Akawa anazunguka duara kama punda wa kinu, madereva wanampigia honi, mmoja anamuuliza kama amepoteza pete. Kwa nguvu za mabega yake akaunyoosha, akapanda ukingo, akazima. Akaiona simu kitini pembeni ya chupa ya kahawa. Aliijua namba. Kiburi kikamwambia usipige, honi zikamwambia piga.

"Nart."

"Naam."

"Usukani haurudi. Niko Duara la Nane."

"Nani amekaza skrubu?"

Ghadir akaitazama boneti.

"Haya, usiseme. Umeumia?"

"Sijaumia. Nimeaibika tu."

"Aibu haihitaji bandeji. Kaa hapohapo, nakuja kwa miguu."

Akaja na bisibisi na spana, akailegeza skrubu ile bila neno moja la lawama. Neno moja tu la lawama, na kisa hiki kingeishia pale. Akaliendesha gari pole pole mpaka gerejini, Ghadir kando yake, chupa imepakatwa, wote wawili wanatazama mbele kama wamo kwenye picha ya pasipoti.

Bushi ya shaba ilikuwa tayari kwenye kitambaa, inang'aa. Nart alifanya kazi mpaka adhuhuri ikapita. Kisha akashusha gari chini na kujisukuma tena uvunguni.

"Chezesha."

Ghadir akashika usukani. Uso wa mtu usipoonekana, ulimi hupata miguu.

"Nart, ulikuja kuniposa, au hukuja?"

"Nilikuja kumwomba baba afiche funguo."

"Funguo!"

"Nilikuona na mapazia yako. Simu hushiki. Kikombe nilikiweka chini ili nimwonyeshe kwa mikono."

Ghadir akaiwazia mikono ile hewani, akamwona na baba yake, machozi yakimlenga. Kicheko kikamwanzia tumboni, akakibana.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? 'Mzee, binti yako simtaki'? Uongo wa ukubwa ule siuwezi. Na kwamba namtaka, wa kwanza kuambiwa alipaswa kuwa huyo binti."

"Kwa hiyo kahawa uliinywa kwa makosa."

Chuma kikalia kidogo. "Kikombe kilikuwa cha makosa," sauti ikasema. "Kiu haikuwa ya makosa. Chezesha, mama, mkono umenifa ganzi."

Ghadir akausogeza usukani kwa kidole kimoja. Magurudumu yakaitika palepale.

Nart akatoka, akanyoosha magurudumu, akaigusa skrubu ya boksi kwa bisibisi, kidogo sana, akajaribu, akaigusa tena. "Hapa tosha," akasema. "Ukiubana zaidi hautarudi wenyewe."

"Nimeshafunzwa," Ghadir akasema.

Akafungua chupa, akamimina vikombe viwili. Kimoja akampa Nart. Chake akakiweka juu ya boneti, akakunja mikono.

"Mbona hunywi?"

"Nina ombi."

Kikombe cha Nart kikasimama katikati ya safari. Ng'ambo ya barabara mwuza lozi akaacha kupima lozi za mteja.

"Baba ametoa neno lake kwa furaha zake," Ghadir akasema. "Mimi naomba langu mwenyewe. Kesho kiti cha abiria kiko wazi. Na kesho kutwa. Na siku zote Mungu atakazonipa. Nakutaka wewe ukikalie."

Nart alichukua kitambaa akaifuta mikono. Akafuta kidole hiki, akafuta kile, akarudia kile cha kwanza.

"Inapoa," Ghadir akamkumbusha, na sauti yake haikuwa imara kama alivyotaka.

"Kunywa kahawa yako, Ghadir."

Akanywa. Ilikuwa imepoa, na juu yake inaelea grisi kidogo, akainywa mpaka machicha. Mwuza lozi akapiga kigelegele, mwanamume mzima na ndevu zake. Kilikuwa kibaya, Mungu amsamehe, lakini nia ilikuwa safi.

Ijumaa, kwenye mteremko wa Naur, magari ya zamani yalishuka moja nyuma ya jingine, mapaa yamefunuliwa, bahari inametameta chini kabisa. Ghadir alikuwa amejifunga kitambaa cha hariri cha mama yake. Mikono yake ilitulia kwenye usukani kama njiwa wawili juu ya ukuta.

"Njia nzima unatazama nini, wewe?" akauliza bila kugeuza shingo.

"Kazi yangu."

"Kazi yako si magari?"

"Magari," akasema Nart, "ni ziada."