Paa la Lami Juu ya Makuti Makuukuu

Ilikuwa mwaka 1956, mwezi wa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza. Kijiji chetu cha Mwera kilikuwa kimetulia. Wanawake walisuka makuti barazani, kwa maana huo ndio wakati wa kuezeka. Desturi yetu mnaijua, wenzangu: nyumba ya mtu huezekwa na jirani zake, naye hawalipi fedha, bali huwalipa kwa mikono yake nyumba zao zinapochakaa.

Uweso bin Shekhe, mfanyabiashara wa nazi, alikuwa ameezekewa hivyo mara nyingi. Mwaka huo alileta kutoka Tanga shehena ya vigae vya lami. Sitavisingizia vigae hivyo, kwani vina sifa zake. Havishiki kutu kwa hewa ya chumvi kama mabati, mvua haipigi kelele juu yake, wala havihitaji kubadilishwa mara kwa mara kama makuti. Lakini vina sharti. Aliyeviuza alimweleza Uweso waziwazi kwamba vilazwe juu ya mbao zilizopangwa bila nafasi, kwa kuwa lami hulainika katika jua kali na haiwezi kujibeba.

Kuondoa makuti na kupiga mbao kungechukua muda, na Uweso alitaka wageni wa Maulidi walione paa jipya. Akaagiza vigae vipigiliwe juu ya makuti makuukuu, misumari ishike fito za chini.

Jirani yake Zebedayo, Mbondei aliyefanya kazi katika shamba la mkonge, alilitazama paa hilo akacheka.

"Bwana Uweso, umeivalisha nyumba koti juu ya matambara."

"Koti ni langu," akajibu Uweso. "Wewe endelea kuvuja."

Baada ya Maulidi alipita Bi Asmahani, mjane wa nyumba ya pili. Marehemu mumewe hakukosa hata mara moja kupanda paa la Uweso wakati wa kuezeka. Mjane alikuja kumwalika katika kazi ya kwake. Uweso hakunyanyuka.

"Mimi nimekwisha kutoka katika makuti, Bi Asmahani. Sitamwita mtu, na mtu asiniite."

Mama yake Uweso, Bi Mwanasiti, aliyekuwa amepooza miguu, aliyasikia maneno hayo kitandani. Alimwonya mwanawe kwamba paa hulindwa na watu. Hakusikilizwa.

Vuli ilipita salama, na Uweso akazidi kujisifu. Ndipo kilipokuja kiangazi. Vigae vililainika, vikabonyea kati ya fito, vikachanika penye misumari. Masika yalipoanza, maji yalituama juu ya paa na kupenya. Makuti yaliyo wazi hukaushwa na upepo. Haya yalikuwa yamefunikwa, basi yakaoza na kuwa mazito. Matone yalimwangukia Bi Mwanasiti, naye akaanza kukohoa. Alimsihi mwanawe awaite majirani. Uweso alihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe, kwani aliona haya kuwaita aliowakataa.

Jumatano moja asubuhi paa liliporomoka upande wa chumba cha mama. Zebedayo na Bi Asmahani walifika bila ya kuitwa. Walimtoa Bi Mwanasiti akiwa hai, wakamlaza kwa mjane, chini ya makuti yasiyovuja.

"Mwanangu hakukosa watu," Bi Mwanasiti alimwambia mjane. "Alikosa ulimi wa kuwaita."

Hakuiona Ijumaa.

FUNZO

Kitu kipya si kibaya. Lakini atakaye sifa ya kitu na atimize masharti yake; asiyeweza, abaki na makuti yake kwa heshima. Tena, asimdharau jirani kwa sababu amepata mali. Haya ya kuomba msaada hupita upesi. Majuto ya kutouomba hayapiti. Mama huyu aliuawa na kiburi kabla ya paa kumwangukia.

Wakati wa kuezeka uliofuata, sehemu ya nyumba ya Bi Asmahani ilikuwa imechakaa. Uweso alifika kabla ya wote. Alipanda juu, akafunga makuti mpaka jua likachwa, na kesho yake akarudi.